Kahawa Juani, Elina Ndani

Kila asubuhi, pale Isansa, Ruti alitandaza kahawa ya mama yake kwenye mikeka, akaigeuza kwa viganja, baadaye akaigeuza tena ili jua lifike pande zote. Na kila alipoinua macho aliuona mlango wa nyumba ya nyuma umefungwa. Humo alikaa Elina, mke wa kaka yake Anania aliyekwenda kuchimba shaba ng'ambo ya mpaka.

Elina alikuwa amezika watoto wawili, hata majina hawajapewa. Alipofiwa na wa kwanza, mama mkwe wake Ferista alisema ni jicho la watu. Katika ukoo wao, mke aliyefiwa hivyo hufichwa mimba ikiingia tena, asitoke mpaka mtoto alie. Basi mimba ya pili alifichwa. Mtoto akafa, Elina akawekwa ndani kwa msiba. Msiba haujapoa, Anania akaja likizo, mimba ya tatu ikaingia. Tangu mavuno ya mwaka juzi ngozi yake haikuonja jua. Dirisha lilizibwa kwa gunia. Chooni alikwenda kukishaingia giza, kajifunika kaniki.

Mwanzoni alitania. "Wifi, nimekuwa mahindi ya mbegu. Nimewekwa darini."

Siku hizi hakutania. Ruti aliyempelekea chakula alimwona akiinuka kwa kupanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono, kisha akitembea kwa kuyumba kama bata.

"Nyonga, wifi. Na mbavu. Nikipiga chafya naona nyota."

"Uvivu wa kukaa huo," Ferista alisema kutoka mlangoni.

"Nitoe basi nikalime, mama."

"Ili wamle na huyu?"

Ruti akaenda zahanati kumuuliza Nikodemo, dresa wa kufunga vidonda. Nikodemo alikuwa anakunja bendeji. Aliposikia habari ya bata, mikono ikasimama.

"Jua analipata?"

"Hapati."

"Kuna kitu wanakiita vitamini D. Ngozi hukitengeneza kwa jua. Kikikosekana, mifupa haishiki chokaa, inapinda kama bua bichi. Na mtoto tumboni anachota humo humo. Nyonga zikibonyea, njia ya mtoto inafinyika. Mimba ina miezi mingapi?"

"Minane."

Nikodemo aliiweka bendeji mezani. "Mtoeni juani. Lakini jua la mwezi mmoja halitanyoosha nyonga. Afike hospitali ya misheni kabla ya uchungu, wampasue wamtoe mtoto. Uchungu ukitangulia..." Akarudi kwenye bendeji yake.

Kesho yake Ferista alikwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Ruti akafungua mlango. Elina alitoka kaziba macho kwa kiganja, uso umepauka kama majivu, akaketishwa katikati ya mikeka.

"Nianike na mimi, wifi. Unigeuze vizuri, nisiote ukungu."

Wakacheka. Bado wanacheka, Ferista akatokea njiani.

"Ruti! Umeniulia mjukuu!"

Elina alitaka kukimbilia ndani. Akapanda mapaja yake, akasimama, akayumba kulia, akayumba kushoto. Ferista, aliyezoea kumwona gizani, ameketi, alisimama palepale. Kitabu cha nyimbo kikamponyoka.

"Tembea tena," alisema. Sauti haikuwa yake.

Elina akatembea.

"Anastazia alitembea hivi." Anastazia alikuwa dada yake mkubwa. Naye alifichwa. Uchungu ulimshika siku tatu, na ndani alitolewa amebebwa, amekufa. "Tukasema ni jicho."

Ruti akamweleza yote ya Nikodemo. Ferista alitazama njia, na nyumba za majirani zilizojipanga huku na huku.

"Kawaite jirani yetu Enoka na wenzake, waje na machela. Sasa hivi, mchana huu. Na msimfunike."

Walipita mbele ya kila mlango. Watu walitoka, wakatazama, wengine wakamnyooshea Elina vidole. Ferista alitangulia bila kumsalimia mtu. Misheni ilikuwa bado vilima viwili mbele pale mkono wa Elina ulipoushika mti wa machela. Ruti aliona kucha zikigeuka nyeupe, kisha mkono ukaachia. Hawajamaliza shamba moja la kahawa, mkono ukashika tena, kwa nguvu zaidi.

"Wifi," Elina alinong'ona, jua likimpiga usoni. "Usimwambie mama."

Ruti alitazama mgongo wa mama yake kule mbele, akamgeukia Enoka.

"Kimbieni," alisema.