Murwaza wa Zubeda

Daktari Maxime alinipasha habari kwamba kifuko changu cha nyongo kimevimba na kujaa usaha. Nikacheka, ingawa ubavu uliniwaka. Angeuliza mtaani kwetu Buyenzi wangemwambia bure kwamba Zubeda amejaa nyongo.

"Mama Zubeda, moyo yako haiwezi kisu," alisema. "Nitapitisha kamera mu kinywa, nitoboe tumbo kwa ndani, niweke kamupira kadogo. Usaha itamwagikia mu tumbo, itajiendea. Lakini tutakulalisha. Murwaza yako ni nani?"

Murwaza ni yule anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda chako, anayekulisha na kukufulia. Bila yeye hawakupi dawa ya usingizi: ukizinduka atakushika nani? Mume wangu Tajudini nilishamzika, watoto sikujaliwa, na dada yangu alihamia Kigoma akanisahau.

"Ameenda kununua maji," nikajibu. Uongo mtupu, na daktari akaumeza.

Kwenye kitanda cha jirani, Concilie wa Kanyosha alikuwa akimlowanisha mumewe midomo. Mzee hakuwa na kauli tena. Mimi na mama huyo hatukuwa tumevuka salamu ya "bonjour". Aliusikia uongo wangu, akaendelea na kazi yake.

Kesho yake asubuhi muuguzi alisimama mlangoni.

"Murwaza wa Zubeda!"

Nikatazama ukuta. Upweke ule sikuwahi kuuonja, hata siku ya maziko. Akaita tena.

"Niko hapa," Concilie akaitika.

Akanishika mkono mpaka mlango wa chumba cha kamera. "We enda. Mi nakungojea hapa."

Nilizinduka koo likiwasha, ubavu umetulia. Concilie alikuwa ameketi kando yangu, amepakata kitenge changu. Nikageuza shingo nimjulie hali mzee wake. Godoro lilikuwa tupu, shuka zimeondolewa.

"Concilie! Muzee iko wapi?"

"Alienda," alisema. "Wakati mi niko ku mulango yako."

Yaani mzee wa watu alikata roho hana hata mtu mmoja. Nililia tu.

"Enda, mama," nikamwambia baadaye, ndugu wa marehemu alipokwisha kuchungulia mlangoni. "Shemeji yako iko nje, anangojea."

"Anangojea maiti," alisema Concilie. "Mi, hakuna mutu mwenye ananingojea."