Kasoro ya Nyumba Ile Ilikuwa Jirani

Wapo wakamwana ambao wangetoa sadaka mama mkwe wao anyamaze hata kwa siku moja. Huyu wetu, fundi wa kukata vioo vya miwani, alikuwa miongoni mwao mpaka walipohamia jiji jipya. Tangu washushe masanduku yao katika nyumba ya wageni nyuma ya stendi, mama mkwe hakuwa ametoa neno la maana. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa, na kila alichopewa akakipokea kwa "ahsante".

Asubuhi moja fundi miwani akaamua kumpima. Akamwandalia chai, akatia chumvi badala ya sukari, kwa makusudi kabisa, Mungu amsamehe. Siku za kawaida mama mkwe angeweza kutoa hotuba nzima kwa sababu ya majani ya chai yaliyozidi kidogo. Akanywa. Akafuta midomo.

"Ahsante, mwanangu."

Fundi miwani akaingia bafuni, akafunga mlango na komeo, akaogopa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe alikuwa anaujua.

Mumewe, fundi wa lifti, ndiye aliyehamishwa na kampuni. Naye alishaanza kazi, akishinda ndani ya mashimo ya majengo marefu na kurudi na grisi mpaka masikioni. Mkewe, kwa bahati ambayo haiji mara mbili, alipata nafasi katika duka la miwani, aanze Jumatatu. Nafasi hiyo ilimtegemea mtu mmoja tu, mama mkwe, ambaye angebaki na watoto. Walikuwa pacha wa miaka minne, mmoja akiitwa Kelele na mwenzake Kimya, na majina hayo waliyatolea jasho wenyewe. Lakini mama mkwe alikwishatoa sharti kabla hata ya safari: "Nitakuja niione hiyo nyumba. Ikinikataa, narudi kwangu. Sitaki kuzeeka nikiwa mgeni." Akirudi kwake, kazi ya mkamwana nayo imekwenda.

"Mtafutie mama mahali patulivu," mume alikuwa ameagiza. "Amegombana na yule jirani yake tangu mimi sijaota meno. Apumzike sasa, maskini."

Basi walipompata dalali, mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa na maneno yanayong'aa zaidi, fundi miwani alimwambia anataka kitu kimoja tu, utulivu.

"Umefika, dada yangu," dalali akasema. "Mitaa ya familia ndiyo kazi yangu. Mimi mwenyewe ni mtu wa familia. Bado sijaoa, lakini moyo ninao."

Mtaa wa kwanza ulikuwa na lami isiyo na shimo, geti, na mlinzi aliyewapigia saluti hata pacha. Nyumba zilipangwa mstari, zote rangi moja, mapazia yote yamefungwa. Hapakuwa na mtoto nje, wala mbwa, wala redio. Kelele akapiga yowe moja la majaribio. Likaenda mpaka mwisho wa barabara, likarudi lenyewe.

"Hapa mtoto analala saa yoyote unayotaka," dalali akajisifu.

Mama mkwe akatazama kulia, akatazama kushoto. "Amefariki nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna aliyefariki, mama."

"Basi wanangoja nini?"

Mtaa wa pili ulikuwa na bustani yenye bembea, na jirani ambaye ukimwona unatamani umzae wewe. Alitoka kuwapokea na tabasamu, akisema watoto wapige kelele watakavyo, maji yakikatika wachote kwake, yeye hana neno na mtu. Kelele akamkanyagia maua, yote, kwa miguu miwili. "Hamna shida," akasema yule mama, na kwa kweli ilionekana kwake hamna shida. Fundi miwani akampenda papo hapo.

"Yule ni mtu mwema," akasema walipotoka, akiwa na matumaini mengi.

"Sana," mama mkwe akakubali.

"Kwa hiyo?"

"Nitazungumza naye nini?"

Wakaenda kukaa kwenye benchi la bustani, dalali akiwa pembeni na simu yake, pacha kwenye bembea. Fundi miwani alikuwa anaona Jumatatu inamponyoka. Alitaka kulia, na alitaka pia kumtikisa mama wa watu, lakini hayo yote mkamwana hafanyi. Akakaa tu. Na kwa vile alikaa tu, mama mkwe akasema.

"Yule mwanamke sikumuaga."

"Nani, mama?"

"Yule jirani wa uani kwangu. Nikasema, anayesafiri ni mimi, aje yeye. Naye bila shaka akasema, anayeondoka ndiye anayeaga. Gari likaondoka tunatazamana." Akanyoosha gauni lake magotini. "Nilipofiwa na baba yenu watu wote walinibembeleza. Mikono yangu ilishikwa mpaka ikachubuka. Yeye akaja siku ya ngapi sijui, akasimama mlangoni, akaniambia ninanuka, niende nikaoge. Nilimtukana matusi ambayo sikujua ninayajua. Halafu nikaenda kuoga."

Fundi miwani akaona aibu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu waone, na kitu hiki kilikuwa mbele ya pua yake miaka yote. Yeye na mumewe walidhani wanamtoa mama kwenye vita, kumbe wamemtenga na shoga yake. Wagombanao ndio wapatanao, kila mtu anausema msemo huo, na hakuna mtu anayeukumbuka anapotafuta nyumba.

"Kaka," akamwita dalali, "huna nyingine?"

"Ninayo moja, ila hiyo siwaonyeshi watu ninaowaheshimu."

"Ina kasoro gani?"

"Nyumba haina kasoro. Kodi nafuu, shule karibu, zahanati karibu. Kasoro ni jirani." Dalali akapunguza sauti. "Mkunga mstaafu. Hakuna jambo asilokuwa na la kusema. Wapangaji wanakuja, wanamsikia, wanafunga virago."

Fundi miwani akasimama. "Tupeleke."

"Dada, ulisema utulivu."

"Nilisema. Tupeleke."

Nyumba yenyewe ilikuwa na milango inayolia na jiko lenye giza. Mtaani watoto walikuwa wakikimbiza tairi, mtu anagongelea bati, redio mbili zinashindana. Ua wa nyumba na ua wa jirani ulitenganishwa na ukuta unaoishia kiunoni, na Kelele hakuhitaji mwaliko. Akaupanda. Sauti ikamfikia kabla ya mwenyewe kuonekana.

"Wewe mtoto, shuka. Ukivunjika mguu hapo atakayeufunga ni mimi, na leo sina bandeji."

Nyuma ya sauti akatoka mwanamke mpana, miwani shingoni kwa uzi, mikono kiunoni. Mama mkwe, aliyekuwa jikoni akilitazama giza, akatoka nje.

"Nani anamkemea mjukuu wangu na mimi nipo?"

"Ungekuwepo asingepanda."

Dalali akafumba macho. Fundi miwani yeye aliyakodoa, kwa sababu mgongo wa mama mkwe, uliokuwa umepinda tangu stendi, ulinyooka.

"Mtoto kazi yake kupanda," mama mkwe akasema. "Wako hawakupanda?"

"Walipanda. Na wote wana miguu miwili mpaka leo."

"Na adabu wanayo? Maana sijui wangeitoa wapi."

"Na huyu mwingine mbona hasemi? Mmempeleka hospitali?"

"Huyu husema akiwa na la kusema. Ungekaa naye ujifunze."

"Nitajifunza nini kwa mtoto aliyevalishwa viatu kinyume?"

Wote wakatazama miguu ya Kimya. Viatu vilikuwa kinyume, hakuna ubishi.

"Kwetu ndivyo wanavyovaa," mama mkwe akasema bila kupepesa.

Dalali akamsogelea fundi miwani, jasho likimtoka. "Dada, nisamehe sana. Kuna nyingine, tulivu kabisa, dakika chache tu kutoka..."

"Nyamaza, kaka," akamnong'oneza. "Usije ukaiharibu."

Upande wa pili wa ukuta mkunga alikuwa anakunja mikono ya gauni. "Haya, mmeshaona nyumba ya watu, nendeni. Wapangaji wa hapo hawakai."

"Hao walikuwa wapangaji," mama mkwe akamjibu. "Mimi nahamia kesho. Mimi, na mwanangu, na huyu mke wa mwanangu, na wajukuu zangu na viatu vyao. Kila asubuhi ukifungua hilo dirisha utanikuta hapa nimesimama, mpaka mmoja wetu achoke. Na mimi sichoki."

Mkunga akavaa miwani yake ili amtazame vizuri.

"Kesho?"

"Kesho."

"Basi leteni mizigo asubuhi. Mchana hapa jua linawaka, mtazimia, na atakayewapepea ni mimi." Akageuka, akaingia kwake, na mlango akauacha wazi.

Fundi miwani alikaa kizingitini, akalia kwa furaha waziwazi, kamasi na yote, mbele ya dalali aliyekuwa bado hajui kama amepangisha nyumba au amepoteza wateja. Mama mkwe akaja akakaa karibu naye. Alikuwa anahema, macho yanameta.

"Umemsikia yule?"

"Nimemsikia, mama."

"Hana adabu."

"Hana kabisa."

"Mjuaji."

"Sana, mama."

Mama mkwe akamvuta Kimya katikati ya magoti yake, akamvua viatu, akamvalisha upya upesi upesi, cha kulia kulia na cha kushoto kushoto, huku ameinama na kukinga kwa mgongo ili dirisha la jirani lisione.