Birder wa Kisian

"Weka hiyo kitu chini," mama mmoja mkata mafunjo aliniambia pale ufukoni mwa ziwa, Kisian, panga mkononi. "Unapimia nani hii shamba?"

Nilikasirika. Asubuhi nzima nimesimama kwenye matope bila kumsumbua mtu, sasa darubini na daftari vimenigeuza afisa wa ardhi.

"Sipimi, Mama. Mimi ni Nabututu, karani tu huko mjini. Jumamosi ni birder."

"Hiyo ni kazi gani?"

"Si kazi. Ni mtu anayependa kutazama ndege, basi. Akimwona anaandika jina lake na saa."

"Serikali inakulipa?"

"Hapana."

"Sasa ukishaandika, unapelekea nani?"

Kamusi ya Kiingereza inasema birder hutazama ndege kwa raha yake. Haisemi baadaye anamwambia nani. Nilitoka kwetu Bungoma miaka sita iliyopita, na daftari hili ni la nne.

"Sipelekei mtu," nikasema.

Alichomeka panga kwenye matope, akajifuta mikono kwa leso, akaketi juu ya mzigo wake wa mafunjo.

"Haya, nisomee. Anza na ya leo."

Nikasoma kwa ukali, kama anayejibu mashtaka: mdiria mmoja wa bluu, saa tatu asubuhi, akihangaika na samaki mkubwa kuliko mdomo wake.

Mama alinyoosha kidole ziwani.

"Huyo hata mimi nilimwona," akasema. "Nilikosa mtu wa kuambia."