Mama Asivuke Mpaka

Tangu alipokuwa mdogo, wa kuyajua majina ya ndege kabla hajayajua majina ya shangazi zake, Sivert alitaka kitu kimoja tu: kurusha ndege za kivita. Watoto wengine wa Kirkenes, mji mdogo wa kaskazini kabisa mwa Norwei, walipita kwenye hatua zao, leo zimamoto, kesho mcheza mpira, keshokutwa hawajui. Yeye hakuyumba. Alipomaliza shule, akiwa na miaka kumi na tisa, aliamua kukaa nyumbani mwaka mzima ajiandae kwa mchujo wa jeshi, ule wa uofisa na urubani kwa pamoja, unaochukua vijana wachache kutoka nchi nzima na kuwarudisha wengine wote kwa mama zao.

Maandalizi yenyewe yalikuwa kama ajira. Asubuhi alikimbia kwenye barabara ya uwanja wa ndege, viatu vya misumari miguuni na taa kipajini, maana msimu ule jua halichomozi kabisa na mchana ni giza lililopauka kidogo. Akirudi alijivuta kwenye chuma alichofungiwa na baba yake mlangoni mwa ghala, mpaka mikono ikatetemeka. Baadaye zilikuja hesabu za kichwa. Baba yake, Oddvar, alikuwa dereva wa gari la kukwangua theluji la manispaa, akawa anampakia na kumtupia maswali huku akisafisha barabara: ndege ina mwendo huu, safari ni umbali huu, mafuta yaliyobaki ni haya, utafika au hufiki? Oddvar hakuwa mtu wa maneno. Maswali hayo ya mafuta ndiyo yaliyokuwa mapenzi yake.

Mama yake, Rimma, alimsaidia kwa kumlisha. Rimma alizaliwa ng'ambo, Nikel, mji wa Warusi ulio karibu na mpaka kiasi kwamba zamani, kiwanda chao kilipokuwa hai, watu wa upande wa Norwei walikohoa moshi wake. Aliolewa huku enzi ambazo watu walivuka kwenda kununua petroli ya bei nafuu na kurudi kabla kahawa haijapoa. Mama yake mzazi, bibi Zinaida, alibaki kulekule kwenye ghorofa lake. Kisha vita vya Warusi vikazuka, mbali na hapo, lakini uzito wake ukafika mpaka mpakani. Wenye ndugu ng'ambo bado walivuka, wachache, ila walipokutana dukani hawakusimuliana tena habari za huko.

Fomu ya maombi iliuliza juu ya ndugu walioko nchi za nje. Sivert aliandika kila kitu: jina la bibi, mtaa wake, hata mjomba wa Murmansk ambaye hakuwahi kumwona. Aliamini kwamba rubani huanza kwa kutosema uongo, na kijana wa umri ule akiamini jambo huwa mkali kuliko askofu. Akadhani hapo amemaliza.

Jirani yao Halgeir ndiye aliyemtia wasiwasi. Halgeir alikuwa sajini mstaafu wa kikosi cha mpakani, na ndiye mtaalamu wa mtaa katika mambo yote ya kijeshi, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejitolea. Alimkuta Sivert akipumua kwa shida kando ya barabara, akasimamisha gari na kushusha kioo.

"Kuandika kwamba bibi yako yuko kule si tatizo, dogo," alimwambia. "Hilo wanalijua kabla hujazaliwa. Tatizo ni miguu. Kila mguu unaovuka pale unaandikwa. Mama yako akienda kule mwaka huu, urubani utauona kwenye televisheni."

Akampa na mfano, kijana mmoja wa Bjørnevatn aliyekataliwa kwa sababu shangazi yake alikwenda kununua petroli. Sivert alipouliza zaidi mjini, mmoja alisema hakuwa shangazi, alikuwa mjomba. Mwingine alisema kijana mwenyewe hakuwahi kuomba jeshi, alikwenda kusomea umeme. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo akacheka. Lakini Sivert alikwisha kuogopa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa fomu palikuwa na namba ya simu, kwa mwenye swali lolote. Hakupiga. Hivi ndivyo tulivyo sisi watu wa mpakani siku hizi: tunaona kuuliza ni kujitia doa, basi tunaulizana wenyewe kwa wenyewe, vipofu tukionyeshana njia.

Simu kutoka Nikel ilikuja Januari. Sivert alirudi mazoezini, jasho limemgandia kwenye kofia, akamkuta mama yake chumbani na begi kitandani. Alikuwa akipanga kahawa, jibini la kahawia, shuka mpya na nepi za watu wazima. Alifanya kazi ile haraka, kama anayeogopa akisimama ataanguka.

Bibi amepata kiharusi, alimweleza bila kugeuka. Upande mmoja wote umekufa. Tamara, jirani yake kule, ndiye anayemlisha kwa kijiko, naye anasema mgonjwa hana neno lingine ila Rimma, Rimma, mchana kutwa.

"Unaenda lini?" Sivert aliuliza.

"Kesho, wakifungua mpaka tu."

"Mama, usiende."

Rimma alidhani anaogopa barabara. Alimwambia baba yake atamfikisha mpakani, upande wa pili Tamara atamtafutia gari, asiwe na wasiwasi.

"Sizungumzii barabara. Nazungumzia maombi yangu." Akamweleza yote aliyoyasema Halgeir, miguu inavyoandikwa, na yule kijana wa Bjørnevatn, ila hakumweleza kwamba kijana mwenyewe labda hakuwahi kuomba.

"Halgeir yeye amejuaje?"

"Alikuwa jeshini, mama."

"Alikuwa jeshini akihesabu kulungu wanaokatiza."

"Naomba mpaka Julai tu. Mchujo ukiisha, nenda ukakae hata miezi miwili. Mimi mwenyewe nitakubebea begi."

Rimma aliiweka chini pakiti ya kahawa aliyokuwa ameishika. "Sivert," alisema, "bibi yako hana Julai."

Hapo angeweza kunyamaza. Miaka mingi baadaye bado angejiuliza kwa nini hakunyamaza. Lakini alikuwa amekimbia gizani tangu vuli, alikuwa na miaka kumi na tisa, na ndege zile alizisikia juu ya paa hata akiwa usingizini.

"Wewe ulichagua kuja huku," alisema. "Mimi sikuchagua kuwa na bibi kule."

Oddvar alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, koti mwilini, theluji ikimyeyukia mabegani. Rimma alimtazama na kumngoja aseme lolote, hata neno moja. Oddvar alitazama viatu vyake. Basi Rimma akaligeukia begi, akaanza kupangua alichokipanga. Alianza na jibini.

Siku zilizofuata nyumba haikuwa na ugomvi, na heri ingekuwa na ugomvi. Rimma alipika, alifua, alimuuliza Sivert kama magoti yanauma. Jioni alikwenda kuzungumza na Tamara kwa simu akiwa ndani ya gari lililoegeshwa uani, vioo vimeziba kwa mvuke. Hakuna aliyemwambia aende huko. Alijipeleka mwenyewe, kana kwamba sauti ya Kirusi jikoni nayo ingeandikwa mahali. Sivert alimwona kupitia dirishani, akaumia, akarudi kwenye hesabu zake. Hata siku moja hakutoka kumwambia arudi ndani kwenye joto.

Bibi Zinaida alikufa mwanzoni mwa Machi, jua limerudi na theluji inang'aa hadi inaumiza macho. Tamara alituma picha za mazishi: watu wachache, makoti meusi, udongo uliochimbwa kwa mashine kwa sababu ulikuwa umeganda. Oddvar aliomba ruhusa kazini, akampeleka mkewe kusini kwenye bonde la Pasvik, mahali ambapo ukisimama unaona kwa mbali mabomba ya kiwanda cha Nikel. Walisimama hapo saa ile mwili ulipokuwa ukishushwa. Sivert hakwenda. Tusimfichie aibu: siku ile alijivuta kwenye chuma mara nyingi kuliko siku nyingine yoyote, akafurahi, kisha akakaa sakafuni ghalani na kulia mpaka akatapika.

Ilipofika arobaini, Rimma alipika chapati nyembamba za kwao na wali mtamu wa zabibu, akaweka sahani moja isiyo na mtu. Walikula watatu. Oddvar alisema chakula ni kitamu. Sivert alisema asante, akainuka kwenda kujisomea.

Julai ilikuja. Mchujo ulifanyika kusini, kwenye kambi yenye nyasi zilizokatwa vizuri na usiku ambao, tofauti na kwao ambako jua la kiangazi halizami, walau ulijaribu kuwa giza. Na kijana, tumpe haki yake, alikuwa tayari. Alikimbia na kuacha wenzake nyuma. Alikaa mbele ya mashine za kupima mikono na macho, akazituliza kama aliyezaliwa nazo. Alipopewa kundi la vijana, magogo na kamba wavuke shimo, hakupiga kelele, alimpa aliye dhaifu kazi aliyoiweza. Madaktari walimpima mpaka wakachoka wao. Siku baada ya siku majina yalisomwa, waliotajwa wakafungasha, na jina lake halikusomwa.

Mwisho kabisa ilikuwa zamu ya watu wa usalama. Alimkuta mwanamke wa makamo, sweta ya kufuma na miwani ya kusomea, kama mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na fomu mbele yake na aliuliza polepole. Mama amezaliwa wapi. Ndugu gani wapo hai. Mara ya mwisho mama kwenda ng'ambo ilikuwa lini.

Hili Sivert alikuwa amelingoja mwaka mzima. Aliketi wima.

"Kabla ya vita," alijibu. "Hajavuka tangu hapo. Hata bibi yangu alipokuwa anakufa, majira ya baridi yaliyopita, hakwenda. Wala kumzika hakwenda."

Mwanamke aliinua macho. "Kwa nini hakwenda?"

"Nilimwomba asiende. Kwa ajili ya haya maombi."

Mwanamke yule aliandika maneno machache kwenye fomu. Kisha akauliza ni nani aliyemwambia kwamba safari ile ingemharibia.

"Watu," alisema Sivert. "Nyumbani kila mtu anajua."

"Mngetupigia simu," alisema yule mwanamke. Hakusema kwa ukali. "Mtu kwenda kumuaga mama yake si kosa, na wala haikupunguzii wewe kitu. Mngetuambia anakwenda na lini anarudi, tungeuliza maswali mawili matatu, basi. Sisi tunamkataa anayeficha. Asiyeficha tunazungumza naye."

"Kwa hiyo angeweza kwenda."

"Angeweza." Alivua miwani. "Pole sana, kijana wangu. Pole mno."

Akampa maji anywe, akangoja amalize, kisha akaendelea na swali lililofuata, kwa sababu maswali yalikuwa bado mengi na nyuma yake mlangoni walikuwepo wengine. Sivert aliyajibu yote sawasawa.

Barua ya kukubaliwa ilimkuta nyumbani mwezi wa Agosti. Halgeir alikuja kumpa mkono, akawaambia wote waliokuwepo kwamba ushauri ni mali, akanywa kahawa vikombe vitatu na kuondoka ameridhika. Sivert alimtazama akishuka ngazi na hakuwa na nguvu hata ya kumchukia. Oddvar alitoka kwenda kukata kuni ambazo hazikuhitajiwa, ndivyo anavyofurahi. Mezani wakabaki mama na mwana, na keki ya malai ambayo Rimma aliipamba kwa matunda ya shambani.

Rimma alikuwa amekonda mwaka ule. Mikono yake ilizunguka kikombe, akakizungusha mara kwa mara bila kunywa.

"Walikuuliza kuhusu mimi?"

"Waliuliza."

"Kama nilikwenda?"

"Ndiyo, mama. Nikawaambia hukwenda."

Rimma alitikisa kichwa kukubali. Sivert aliona swali linakuja, aliliona kwa mbali kama mtu anavyoona gari kwenye barabara iliyonyooka, na hakuwa na mahali pa kwenda.

"Na ningekwenda?" aliuliza mama yake. "Niambie tu ukweli, mwanangu, nitulie. Siku zote najiuliza. Ningekwenda, wangekukataa?"

Sivert alimtazama usoni, maana alijua akitazama pembeni atashindwa.

"Wangenikataa," alisema. "Walisema waziwazi. Ungevuka hata mara moja, ningerudi nyumbani siku ileile."

Rimma aliachia pumzi ndefu, na mabega yake, ambayo hayakushuka tangu Januari, yakashuka. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Aliinuka, akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono yote miwili na kukibusu utosini.

"Basi nilifanya sawa," alisema. "Mama ataelewa. Alikuwa mtu wa kuelewa."

Akamkatia kipande kingine cha keki, kikubwa kuliko cha kwanza, akaketi mbele yake. Sivert alikula chote, kijiko kwa kijiko, kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama akila na alikuwa na furaha.