Joto la Kifaranga

Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema, na huyu wetu hata kukumbuka kwamba ana nywele hakukumbuka tangu mtoto atoke hospitali. Kichwa kilikuwa kichaka. Wateja walimtania, naye akacheka nao, lakini mawazo yake yalikuwa nyumbani, mitaa miwili kutoka kazini, kwenye chumba ambacho hata mlango wake alikuwa anauogopa.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba bibi yake alimwita Kifaranga, na jina likamganda. Muuguzi aliwaruhusu kwa sharti: chumba kisishuke chini ya nyuzi ishirini na tano wala kisipite ishirini na nane. Watoto wa namna hii, alisema, miili yao haijajua kujitengenezea joto, mkizembea mtampoteza. Kinyozi hakusikia kingine baada ya hapo. Neno lile lilimkaa rohoni, akawa halali.

Sasa ingia wewe kila saa chumbani ukaangalie joto, na humo yumo mama mkwe! Alikuja kumsaidia binti yake aliyejifungua kwa upasuaji, kitanda cha mwenye nyumba kikawa chake, mwenye nyumba akahamia kwenye kochi. Mkwe ni mkwe. Huwezi kumkuta anabadili nguo halafu ukabaki na uso wa kumtazama mezani. Basi kinyozi alisimama nje akakohoa, akabisha, akauliza, na kila mara alijibiwa kwa upole unaozidi kupungua: "Joto lipo, baba. Nenda kapumzike."

Mtoto mwenyewe hakuwa amempakata tangu waje nyumbani. Alisingizia kwamba mikono yake ina vinywele vya wateja. Ukweli ni kwamba aliogopa asije akamvunja.

Ndipo mteja mmoja, muuza vifaa vya umeme, alipomuuzia ukombozi ndani ya boksi. Kulikuwa na plagi inayowasha na kuzima yenyewe hita ya chumbani, na kidude cheupe cha betri, kidogo kama kifuniko cha chupa, kinachopima joto na kulituma kwenye simu bila waya. Joto likishuka, hita inawaka, likipanda, inazima. Nawe uko zako kazini unanyoa watu.

Asubuhi ya kukifunga, kinyozi alisimama kizingitini na kikaratasi cha maelekezo, mkewe akiwa mikono yake huko ndani.

"Fungua kwa nyuma. Kuna kiplastiki kimeziba betri, kivute."

"Nimekivuta."

"Bonyeza kitufe, usiachie mpaka taa imetamete."

"Inametameta."

Kwenye simu kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha maneno yakatokea: kifaa hakijapatikana. Wakarudia. Wakaigeuza betri, kumbe ilikuwa sawa tangu mwanzo, wakairudisha. Mama mkwe, mtoto kifuani, aliwatazama kama anayetazama mpira.

"Kwani shida nini, baba?"

"Mtandao, mama. Haufiki huko ndani, kuta hizi nene."

"Aa, mtandao!" alisema mama mkwe, kwa uchungu wa mtu aliyeteswa na adui huyo huyo. "Huyo namjua."

Kinyozi akahamisha kile kisanduku cha intaneti kutoka sebuleni hadi kwenye korido. Kiduara kikazunguka kidogo tu, namba ikatokea: 26.1. Nusura aruke. Kidude kikabandikwa ubavuni mwa kabati, usawa wa kitanda cha mtoto, mbali na hita na mbali na dirisha. "Kisitoke hapo," alisema. Kwa nini kisitoke, hakusema. Aliona haya kumfundisha mama mkwe.

Tangu siku hiyo akaanza kulala usingizi wa watu. Kazini alinyoa huku akichungulia simu, anaona 26, anashusha pumzi, anaendelea.

Mpaka asubuhi ile ya baridi kali, mkewe alipokwenda kukaguliwa mshono. Kinyozi alikuwa na dereva wa teksi kitini, upande mmoja wa kichwa umeshakuwa kipara, simu ilipolia. Nyuzi 21. Akadhani macho. Akaangalia tena: 19. Hita imewaka, simu ilisema, na joto bado linashuka. Akampigia mama mkwe. Haipokelewi. Akapiga tena. Kimya.

Jasho jembamba likamtoka. "Nakuja," alimwambia dereva.

"Unakuja? Na upande huu?"

Kinyozi alikuwa ameshatimua mbio, mguu niponye, aproni shingoni, watu wakimpisha wakidhani anafukuza mwizi. Njia nzima aliomba kitu kimoja tu, mtoto amkute hai.

Hakukohoa. Hakubisha. Alisukuma mlango wa chumba, na joto likampiga usoni kama amefungua tanuri la mkate. Hita ilikuwa nyekundu. Mama mkwe alikuwa wima na shimizi, jasho linamtiririka, mtoto mikononi amebaki na nepi tu.

"Mtoto!"

"Mzima! Nilikuwa namtoa nje. Sisi ndio tunapikwa humu! Hilo lidude lako nalizima kwenye plagi, linajiwasha. Nalizima, linajiwasha!"

"Si ungechomoa, mama?"

"Niharibu mitambo ya watu?"

Kinyozi aliichomoa hita, akachukua kipimo cha kwapani walichopewa hospitali, akampima mtoto. Thelathini na saba kasoro kidogo. Mzima kabisa. Akakaa chini sakafuni.

Ndipo alipokiona kidude. Kilikuwa dirishani, kimeegeshwa kwenye upenyo wa kioo, kinapigwa na upepo wa nje.

"Taa za kisanduku chako zilizimika," alieleza mama mkwe. "Nikasema mtandao umekata, huyu kijana atapata presha huko kazini. Kwangu mimi simu haishiki mpaka niiweke dirishani. Nikakuwekea dirishani, na kweli, taa zikarudi."

Basi ndiyo hivyo. Kidude kilipima baridi ya barabarani, kikaiambia hita iwake, hita ikatii, na bibi wa watu akageuka mkate. Kinyozi alianza kucheka, mama mkwe akamfuata, wakacheka mpaka machozi.

"Kosa langu, mama. Nilikuonyesha pa kukiweka, sikukwambia sababu."

"Na mimi simu nimeiacha jikoni. Tumegawana."

Waliacha mlango wazi, chumba kikaanza kupoa, na mama mkwe akajifunga shuka, akamsogelea.

"Vua shati."

"Mama?"

"Muuguzi alisema akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi. Mgongo wangu umechoka. Vua."

"Mama, mikono yangu hii..."

"Umeingia bila hodi, umenikuta na shimizi. Aibu gani imebaki humu ndani? Vua shati, ukae vizuri."

Akavua. Akaegemea kitanda, na Kifaranga akawekwa kifuani kwake, mwepesi, wa moto, akifunikwa na blanketi mgongoni. Mtoto alijikunja, akakoroma kidogo, akatulia na sikio lake juu ya moyo wa baba yake, ambao bado ulikuwa unakwenda mbio. Taratibu ukapunguza mwendo. Hakuvunjika mtu. Kinyozi akalia, mbele ya mama mkwe wake, na wala hakugeuza uso.