Nusu Tanki

Mme Nthabeleng, yaani Mama Nthabeleng kwa Kisotho chetu, alisimamisha gari kwenye pampu yangu, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Gari ni lilelile jeupe la marehemu mumewe, Ntate Khotso. Kwa miaka kumi na tisa nimelitia petroli hapa Harrismith, kabla halijateremka kwenda Durban kwa binti yao.

"Jumamosi naachana nalo," alisema. "Kuna mtu anakuja kulivuta, akauze vipuri."

"Lina nini, Mme?"

"Injini imekwisha, Sello. Fundi wa Durban ndiye kasema. Kila nikikanyaga mafuta linagonga, kama misumari ndani ya kopo. Nimeanza kupanda milima huku nalia. Halafu kadiri ninavyokaribia nyumbani, kimya. Nadhani linaniaga. Na bila gari, yule mjukuu nitamwona lini?"

Mambo ya injini nimejisomea mwenyewe, kwenye vitabu vya magari ambavyo wenyewe walivitupa, na nimejifunza kutokimbilia jibu. Nilifungua boneti. Oili safi, maji yapo. Nikamwomba awashe, akanyage, aachie, akanyage tena. Haikugonga.

"Durban ulitia petroli gani?"

"Oktani ileile ya mzee. Tisini na tatu. Si nimemsikia akikuambia miaka yote? Na safari hii niliondoka hapa tanki limejaa, siyo ile nusu yake ya ubahili."

Nikafunga boneti taratibu.

Hiyo nusu waliigombania hapa kila Desemba. Mme alitaka tanki lijae, waende moja kwa moja bila kusimama Maritzburg, kule chini njiani. Ntate alisema nusu tu. "Sello, huyu anatafuta sababu ya kusimama Maritzburg," Mme alikuwa akiniambia dirishani. "Ana mke mwingine pale." Na Ntate: "Nina pai pale. Mke mmoja amenichosha."

"Mlipokuwa mkifika Maritzburg," nilimuuliza, "nani alikuwa akishuka kununua pai?"

"Mimi. Yeye alikuwa akibaki na gari."

"Basi nadhani ndipo alipokuwa akitia tisini na tano."

Alinitazama.

"Huku juu hewa ni nyepesi, Mme. Tisini na tatu inalitosha gari hili. Kule pwani hewa ni nzito, mgandamizo ndani ya injini unazidi, na petroli hiyo inawaka kabla ya wakati wake. Ndiyo misumari uliyoisikia. Ntate aliacha nafasi kwenye tanki ili kule aongeze tisini na tano, inayostahimili mgandamizo huo."

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza. Kisha akaufunika mdomo kwa mkono. "Aliniambia. Mwaka wa kwanza. Nikamwambia asinifundishe habari za pampu wakati nina njaa." Alicheka kidogo, machozi yakamtoka. "Nimemwita bahili hata siku ya mazishi, Sello. Mbele ya mchungaji."

Nilifuta kioo cha mbele, ingawa kilikuwa safi.

"Siwezi kukuahidi kwamba injini haijaumia," nilisema. "Ila ipe safari moja kabla ya huyo mtu wa vipuri."

Alimpigia simu palepale, akamwambia asubiri. Wiki mbili baadaye alikuja akielekea Durban. Alishusha kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Tisini na tatu. Nusu." Nilitia nusu.

Alirudi Jumatatu. Nilimsikia kabla sijamwona: mngurumo mzuri, wa chini.

"Limegonga?"

"Hata mara moja. Nimemwambia yule wa vipuri atafute gari la mwingine." Alichukua mfuko wa karatasi kwenye kiti cha pembeni. "Maritzburg nilisimama kwenda na kurudi. Kwenda, nilikaa hapohapo pampuni mpaka nikaona tisini na tano kwa macho yangu. Kurudi nikaingia kununua pai, nikajikuta nimeagiza mbili."

Akanipa mfuko. Ulikuwa bado na joto kidogo.

"Ya mzee hiyo," alisema. "Kula."