Goli la Mguu wa Cherehani

Muuza duka alikuwa na maneno matamu, na Fundi hakumpenda tangu alipofungua mdomo.

“Mzee, chukua hii mashine ya gemu. Unachomeka kwenye tivii, unacheza. Kompyuta itakuchosha bure.”

Akampa kidude cha kuchezea, chenye vitufe huku na huku, cha kushikwa kwa mikono miwili. Fundi alikipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulibaki mapajani. Kiharusi kilipompata, mguu ulirudi baada ya miezi mitatu, lakini mkono uligoma. Miaka thelathini ameshonea watu, leo kufunga kifungo cha shati lake mpaka aite mtu! Muuza duka alipotambua, maneno matamu yalimwishia.

“Tunataka kompyuta,” alisema bintiye Fundi, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta na hakuja pale kubembelezwa.

“Ya nini, mwanangu?” Fundi alimuuliza walipotoka. “Mimi na gemu tumeshaachana.”

Uongo mtupu. Kwa miaka tisa, kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, alikuwa akicheza mpira kwenye tivii na mdogo wake, muuza nyama ambaye mtaa mzima ulimwita Honi kwa sauti yake. Honi hakuwa na huruma. Akifunga, anazunguka meza, anaipigia saluti picha ya marehemu baba yao, kisha anamwambia kaka yake akashone nyavu. Aliyeshindwa alinuna na kususia chai. Raha yenyewe ilikuwa hiyo.

Baada ya kiharusi walicheza mara moja tu. Fundi, kwa mkono mmoja, alishinda manne kwa bila. Honi alikuwa akipiga nje makusudi, goli likiwa tupu, halafu akasema kwa upole, “Hongera, kaka.” Hongera! Tangu lini? Fundi aliweka kidude chini akaenda kulala mchana kweupe. Kesho yake mkewe, kwa nia njema kabisa, aliifungia mashine yao ya gemu kabatini asiione akaumia. Hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa, angesema anataka kitu kimoja tu: mdogo wake amfunge kwa haki, kama zamani.

Kompyuta iliunganishwa na tivii ya sebuleni. Wa kwanza kufaidi alikuwa mkewe Fundi, aliyepata tamthilia zake, nyimbo zake za kwaya na picha za harusi zilizokuwa zimekwama kwenye simu mbovu. Fundi alitazama tu.

“Baba,” bintiye alimwambia, “ile mashine ya gemu inataka mikono miwili. Kompyuta haina maringo. Ukitaka goti liwe kitufe, naiambia, inakubali. Nguvu yako iko wapi?”

“Iko miguuni. Miaka yote hiyo nilikuwa nakanyaga nini?”

Wakatazamana. Cherehani ya umeme ilikuwa pembeni, imefunikwa shuka. Binti alichukua pedali yake, akafungua kibodi kuukuu na kutoa kibao cha ndani. Kilichobaki ni kukata waya wa pedali auunganishe na kibao hicho, na hapo mkasi ukasita. Wote wawili walijua maana yake.

“Kata,” alisema Fundi. Akausogeza waya kwenye mkasi kwa mkono wa kushoto. “Kata, mama.”

Mkono wa kushoto ulipata vitufe vya kukimbia na kupasi, mguu ukapata kazi ya kupiga golini. Siku za mwanzo zilikuwa aibu tupu. Kwa mazoea alikanyaga taratibu na kwa muda mrefu, kama anayeanza mshono, na kadiri alivyokanyaga ndivyo shuti lilivyozidi nguvu. Mipira yote ilikwenda kwa watazamaji. Siku ya nne akakumbuka namna ya kukaza mwisho wa mshono: gusa, achia, gusa, achia. Mpira ukaingia.

Jumamosi Honi alifika na sura ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Alianza kwa upole ule ule. Fundi akamfunga.

“Nyavu hizo umeshona mwenyewe?” akamuuliza.

Honi aliinama akaona pedali chini ya meza. Akacheka, akaendelea na upole wake. Fundi akamfunga tena, goli la mbali, safi. Kicheko kikakatika. Honi alivua saa, akasogea ukingoni mwa kiti. Moyo wa Fundi ulidunda kwa furaha. Ile saa alikuwa hajaiona ikivuliwa tangu augue.

Honi akarudisha moja, akarudisha la pili. Dakika ya mwisho Honi akapachika la tatu. Tatu kwa mbili, mchezo kwisha.

Honi alimtazama kaka yake kwa hofu, kidude mkononi. “Kaka, mimi sikukusu...”

“Unangoja nini?” Fundi alifoka. “Picha ya baba ile pale!”

Honi aliinuka. Akazunguka meza, akapiga saluti, akapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. “Nenda kashone nyavu, kaka! Nenda kashone!”

Mkewe Fundi akaleta chai. Fundi, machozi yakimlengalenga, akasukuma kikombe kando kwa mkono wa kushoto na kununa kwa raha zake zote.